Fundi Kaza na Mkufu wa Mama Mkwe

Kila jioni mpishi wa shule alirudi nyumbani akinukia moshi na vitunguu. Alivua viatu, akaosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaketi mezani. Kisha alifungua kopo lake la shanga.

Mchana kutwa alikuwa amekoroga masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani yake. Jioni alitaka kushika kitu kidogo. Alitunga mikufu, bangili na hereni. Alipenda zile rangi, na alipenda ule utulivu. Walimu wa shule walianza kununua, wakawaambia dada zao, na biashara ndogo ikazaliwa bila mtu kuipangia.

Mumewe alikuwa fundi wa magari. Mtaani walimwita Fundi Kaza. Nati ikilia, alisema kaza. Bomba likivuja, kaza. Hata watu wakigombana mbele yake, aliwaambia wakaze roho wasameheane.

Siku moja alinyanyua giaboksi peke yake, ili mafundi wenzake wamwone. Giaboksi lilinyanyuka vizuri. Mgongo ndio uliokataa. Daktari alimwambia apumzike nyumbani, na asibebe kitu kizito kuliko kikombe cha chai.

Lakini Fundi Kaza hakujua kupumzika. Alikaza bawaba za milango mpaka milango ikagoma kufunguka. Alikaza bomba la jikoni mpaka mkewe akaenda kuomba maji kwa jirani. Alikaza vifuniko vya makopo yote, wakala chakula kisicho na chumvi katika nyumba yenye chumvi tele.

Mkewe aliona nyumba itamshinda. Akamvutia kiti mezani, akampa sindano, akamwomba amsaidie kutunga shanga.

Fundi Kaza aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotarajia. Vidole vyake vilikuwa vinene, lakini vilizoea skrubu ndogo. Tatizo lilikuwa moja. Kila alipoushika mkufu wa mkewe, aliutikisa na kukunja uso.

"Huu umelegea," alisema.

"Mkufu hulegea kidogo," mkewe alimjibu. "Ndivyo unavyolala shingoni."

"Kitu kilicholegea huanguka njiani. Kazi hii naijua."

"Unajua ya magari."

"Kukaza ni kukaza, mke wangu."

Basi akakaza. Alivuta uzi mpaka shanga zikabanana kama abiria wa basi la asubuhi. Akafunga fundo, akalimwagia gundi kali, ile inayoshika papo hapo. Mkufu wake wa kwanza ulisimama mezani wenyewe, mgumu kama spoku ya baiskeli. Alizunguka meza nzima kuutazama.

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeununua. Siku ya pili aligeuka kuandika ubaoni, na mkufu ukakatika. Shanga ziligonga sakafu kama mvua ya mawe. Darasa zima lilishuka chini ya madawati kuzitafuta, na hakuna aliyetaka kurudi juu kusoma hesabu.

Baada ya huo, ukakatika wa katibu wa shule. Kisha bangili ya muuguzi ikaruka ndani ya bakuli la uji wa mgonjwa. Mkewe alilaumu unyevu wa hewa. Fundi Kaza alisema dawa ni kuongeza gundi.

Wateja hawakupiga kelele. Waliacha tu kuja. Walimu walipopita jikoni shuleni, waliuliza habari za watoto, habari za kazi, habari za mgongo wa fundi. Habari za shanga hawakuuliza. Jioni mpishi alirudi, akaosha mikono, akalitazama lile kopo, akaliacha limefungwa.

Wakati huo huo mama yake mzazi alileta mkufu wake. Yeye aliishi mbali kidogo, na habari za mikufu kukatika hazikuwa zimemfikia. Ulikuwa mkufu wa shanga nyekundu, na katikati kulikuwa na ushanga mmoja wa buluu, mkubwa kama punje ya hindi. Marehemu mumewe ndiye aliyempa walipokuwa vijana. Kishikizo chake kilikuwa kimelegea, naye alitaka kuuvaa kwenye mahafali ya mjukuu wake. Alisema angeufuata Jumamosi.

Mpishi aliuficha kabatini. Alimwambia mumewe kwa upole kwamba huo asiuguse kabisa.

Fundi Kaza alivumilia mpaka Ijumaa. Mkewe alipokwenda kazini, alijiambia kwamba kishikizo ni kazi ya fundi, na fundi yuko nyumbani. Akautoa mkufu, akaketi barazani penye mwanga. Kishikizo alikibana vizuri kabisa. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini aliona uzi ni wa zamani, akaamua kumfurahisha mama mkwe kwa uzi mpya.

Alitunga shanga zote upya, ule wa buluu katikati. Akavuta. Akaona bado kuna nafasi. Akavuta tena.

Uzi ukakatika.

Shanga zilitawanyika uani. Kuku wa jirani, ambao kila siku walipenya ukuta palipobomoka, walikuja mbio wakidhani wamemwagiwa mtama. Fundi Kaza aliruka kuwafukuza, mgongo ukamkumbusha maneno ya daktari, akabaki ameinama kama mtu anayeomba radhi. Akiwa ameinama hivyo, alimwona kuku mwekundu akiudonoa ushanga wa buluu. Kuku alinyoosha shingo. Akameza.

Mpishi aliporudi kutoka kazini alimkuta mumewe ameketi kwenye kigoda. Mbele yake kulikuwa na tenga lililopinduliwa mdomo chini, na ndani ya tenga kuku mwekundu. Mkononi mumewe alikuwa na bisibisi, na kwa ncha ya bisibisi alikuwa akichambua kinyesi cha kuku.

Mkewe aliitazama bisibisi, akakumbuka kabati.

"Niambie si ule wa mama," alisema.

"Shanga nyekundu zote nimeziokota," Fundi Kaza alisema. "Zipo kwenye bakuli. Ni huu mmoja tu."

"Upi?"

Fundi Kaza alishusha bisibisi. Alimtazama kuku. Mkewe naye akamtazama kuku, akaketi chini kwenye ngazi na mkoba wake bado begani.

Walijadiliana kwa sauti ya chini. Mume alipendekeza wachukue ushanga mweupe, waupake rangi ya kucha ya buluu, na mama asiambiwe kitu. Mke alipendekeza wamchinje kuku. Mume alimkumbusha kwamba kuku si wao. Mke alisema kwa sasa hana hakika kama hata mume ni wake.

Hapo ndipo mwenye kuku alipogonga mlango.

Alikuwa jirani waliyemwita Mama Zipu, kwa sababu sokoni alikuwa na meza ya kutengeneza zipu na mikoba. Alikuwa akimtafuta kuku wake mwekundu. Alimwona ndani ya tenga, akaiona bisibisi, akamwuliza Fundi Kaza kama mgongo umepanda kichwani.

Walimweleza yote. Mama Zipu alisikiliza mpaka mwisho, akamtoa kuku, akamkumbatia kwapani.

"Acha kuchambua, shemeji," alisema. "Kuku humeza vijiwe ili vimsagie chakula tumboni. Huo ushanga sasa ni kijiwe chake. Hautoki leo, na huenda usitoke."

Kisha akaomba aone uzi uliokatika. Hawakujua kwamba pale sokoni alitengeneza pia mikufu. Zipu zilikuwa zimeliteka jina lake lote. Aliusugua uzi kwa vidole, akauliza ni uzi gani.

"Wa kushonea sare za shule," mpishi alisema. "Ulibaki."

"Ndiyo maana. Uzi wa kushonea ni wa nguo. Jasho na marashi huulainisha, shanga zinausugua, unakatika. Hata ungeutunga wewe bila huyu bwana, ungekatika. Ungechelewa tu."

Fundi Kaza alinyoosha mgongo kidogo aliposikia hivyo. Haikumsaidia, maana sasa ilikuwa zamu yake. Mama Zipu aliomba mkufu mmoja mgumu alioutunga fundi, akamwambia aukunje uwe duara kama unavyokaa shingoni. Alipoukunja, uzi ulilia kwa ndani.

"Umesikia? Shanga zinahitaji nafasi ya kugeuka. Ukizibana ukiwa umenyooka, siku ukiukunja zinaukata uzi. Kabla hujafunga fundo, ukunje kwanza uwe duara, kisha uache nafasi ndogo, kama ya ushanga mmoja mdogo. Gari lako si lina sehemu za kukaza na sehemu za kuacha zicheze?"

Fundi Kaza alifikiri. Alikiri kwamba pedali ya breki huachiwa nafasi kidogo, la sivyo gurudumu linajifunga. Alionekana kama mtu aliyegundua kwamba ameoa ndugu yake.

Mama Zipu alikwenda kwake, akarudi na vifaa vyake, wakaketi wote watatu mezani. Alitandika taulo juu ya sinia, ili shanga zisidundadunde na kukimbia. Alisema shanga zisiachwe kamwe mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kuzifikia, kwa sababu mtoto hana tumbo la kuku, na ushanga unaweza kumkaba. Alizipanga shanga nyekundu juu ya taulo kwa mpangilio wake kabla ya kushika sindano. Aliwaambia kwamba mkufu wa mtu ukija kutengenezwa, kwanza upigwe picha kwa simu, ndipo uguswe.

Halafu alimpa Fundi Kaza ushanga mmoja, akamwambia aingize ncha ya sindano kwenye tundu lake na kusikiliza. Ulikwaruza.

"Kingo za tundu ni kali kama wembe," Mama Zipu alisema. "Hapo uzi wowote utakufa."

Fundi Kaza alisimama bila kuambiwa, akaleta tupa yake nyembamba ya mviringo. Waliulowesha ushanga kwa maji, akausugua ndani polepole mpaka sindano ikapita kimya. Kazi hiyo aliiweza kuliko wote. Alizisugua zote, moja baada ya nyingine, huku mkewe akimtazama kwa jicho lililoanza kusamehe.

Walitumia uzi wa nailoni wa kutungia shanga. Kwa shanga nzito, Mama Zipu aliwaonyesha waya laini uliovikwa plastiki, ambao mwisho wake hubanwa kwa kipande kidogo cha bati. Uzi wa mpira wa bangili, alisema, uvutwe kwanza kabla ya kutungwa, ili usije ukalegea mkononi mwa mteja. Gundi kali aliitupa kwenye ndoo ya taka. Ile hukausha uzi ukawa kama kijiti, na kijiti huvunjika. Fundo likifungwa vizuri, tone la gundi laini linatosha, kisha liachwe likauke.

Kati ya ushanga na ushanga alifunga fundo dogo. Mpishi aliuliza mafundo yote hayo ni ya nini.

"Siku uzi ukikatika, utapoteza ushanga mmoja. Hutapoteza mkufu."

Katikati, mahali pa ule wa buluu, hawakuweka kitu; nusu mbili za mkufu walizishikiza kwa fundo la muda tu. Fundi Kaza aliitaja tena rangi ya kucha, kwa sauti ndogo. Mama Zipu alikataa. Alisema kitu cha mtu kikipotea mikononi mwa fundi, mwenyewe aambiwe, naye achague kifanywe nini. Fundi anayeficha huwa amemaliza kazi yake mtaani.

Jumamosi mama mkwe alifika. Fundi Kaza alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamkaribisha kiti kizuri. Alikuwa amejiandaa kuanza na habari za hali ya hewa. Lakini alipoyaona macho ya mama, maneno yalitoka yenyewe. Alieleza uzi, kuvuta, kuku na bisibisi. Alisema kosa lote ni lake, kwa sababu mkewe alimkataza.

Mama mkwe aliushika mkufu. Kidole chake gumba kilitambaa juu ya shanga mpaka katikati, kikasimama.

"Mngeniwekea wa bandia ningejua," alisema. "Kila nikiwa na wasiwasi naushika ule. Kidole hiki kinaujua kuliko jicho."

Mpishi alianza kulia kimya kimya. Mama mkwe akafuta pua yake mwenyewe, akauliza kuku ni yupi.

Walimwonyesha uani. Alimtazama kwa makini alivyokuwa akiinua mguu mmoja baada ya mwingine.

"Hata mwendo wake," alisema, "ni wa mtu aliyevaa kitu."

Ndipo akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na Fundi Kaza akapumua kwa mara ya kwanza tangu jana. Mama mkwe aliomba kopo la shanga. Alichambua kwa muda, akatoa ushanga mmoja wa kijani.

"Ule aliuchagua baba yenu," alisema. "Huu nauchagua mimi."

Waliutunga palepale. Alivaa mkufu kwenye mahafali, akacheza na wajukuu mpaka viatu vikamtoka. Mkufu haukutoka.

Mpishi aliwarudia walimu mmoja mmoja. Aliwaomba walete mikufu yote iliyokatika, hata shanga zilizobaki kwenye bahasha, awatungie upya kwa uzi unaofaa. Kila mkufu aliuvuta kwa mikono miwili mbele ya mteja kabla ya kumkabidhi. Mwalimu wa hesabu aliuvaa wake darasani, akageuka ubaoni kwa tahadhari, akaandika, akaendelea kuandika. Wanafunzi walionekana kukata tamaa. Pole pole wateja walirudi, wakaleta na wengine.

Mgongo ulipopona, Fundi Kaza alirudi gereji. Hakumficha mtu alichojifunza. Mafundi wenzake walimcheka wiki nzima.

Kisha mmoja alimfuata nyuma ya lori wakati wa chakula, akafunua kitambaa. Ndani kulikuwa na mkufu wa mkewe, ambao mtoto alikuwa ameuvuta ukakatika. Kesho yake walikuja wawili. Baada ya muda, saa ya chakula ilikuwa na foleni ya wanaume wakubwa waliovaa ovaroli, kila mmoja na kifurushi kidogo, na Fundi Kaza akiwarudisha bombani wakaoshe mikono kwanza.

Siku moja mwenye gereji alitoka ofisini amekunja uso. Aliuliza mkutano huo ni wa nini na magari yanamsubiri nani. Foleni ikayeyuka. Alibaki Fundi Kaza peke yake, na tupa yake mkononi.

Mwenye gereji alitazama kushoto, akatazama kulia. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha.

"Hereni za mke wangu," alinong'ona. "Nilizikanyaga. Hajui bado."

"Nenda kaoshe mikono, bosi," Fundi Kaza alisema. "Kisha umwambie. Mimi nitakuwa nimeanza."