Kaburi Lililofuliwa

Kwanza niapie. Weka mkono juu ya kichwa cha mwanao, sema hutamwambia mtu. Umeapa? Haya, sogea. Na mimi niliapa hivyo hivyo, na mpaka leo nimewaambia watu saba tu, wote waaminifu.

Ilianza na maji. Ofisi ya mipango miji, nje kidogo ya Lahore, ya halmashauri ambayo jina lake nalimeza. Mwezi wa sita, kunguru wanahema kwa joto, na asubuhi ramani ya kitambaa ikakutwa imelowa chapachapa ndani ya kabati lililofungwa. Ni ile ya zamani, pamba iliyochorwa kwa wino, na bila hiyo hakuna kiwanja kinachotambulika.

Siku hizo walikuwa wakipanga jambo kubwa. Kule kwenye maofisi, kando ya stesheni mpya ya treni, zijengwe nyumba juu na maduka chini, mtu ashuke ngazi tu awe kazini, jioni anunue maziwa mlangoni pake. Mchoraji alikuwa Tufail, suruali imenyooshwa kama kisu, mdomo haupoi kwa majigambo.

"Kwetu ni waganga wa mitishamba," aliwaambia wote, "tangu babu wa babu."

Uongo mtupu! Bibi yake, Hajran, alikuwa dobi. Alifua nguo za watu pale pale inaposimama stesheni, na alizikwa pale pale, chini ya mkunazi. Kwenye kitambaa kaburi lake lilikuwa na alama na jina. Tufail alipoliona, masikio yalimwaka moto. Mkuu wake, Bi Nighat, angeuliza ni la nani, wangeitwa madobi, na madobi wangemjua. Basi, siku moja kabla ya yale maji, wenzake walipokwenda kuswali adhuhuri, akachukua leso, maji na sabuni, akalifua kaburi la bibi yake mpaka likatoka. Mahali pake akachora duka la keki.

Alichosahau ni jini, mwenyeji wa ule mkunazi. Kila Alhamisi Hajran alimwekea jini yule sahani ya wali mtamu wa manjano, na aliyeibeba sahani alikuwa Tufail mwenyewe, akiwa mtoto, hana hata meno ya mbele.

"Nani anamwaga maji kabatini?" Bi Nighat aliuliza.

"Kiyoyozi hicho, bibi mkubwa."

"Kiyoyozi kimekufa tangu mwaka juzi, Tufail."

Ikafuata harufu ya magadi na nguo mbichi. Halafu sauti, ndani ya ukuta, mchana kweupe: pa... pa... kama nguo inapigwa jiweni, na baada ya kila pigo pumzi, shhoo, ile ambayo kifua cha dobi tu ndicho huitoa.

"Unasikia?" karani alimnong'oneza Tufail.

"Sisikii kitu."

"Mbona umeziba masikio?"

"Nyamaza, wewe! Nakuomba, nyamaza."

Siku ya kusikiliza pingamizi ukumbi ukafurika. Kitambaa kikatandazwa mezani. Akainuka Mzee Ditta, dobi wa mwisho wa kule.

"Wanangu, jengeni. Nyumba hatuzikatai. Nauliza tu, kaburi la Hajran mmeliweka wapi?"

"Pale hapana kaburi," Tufail alisema, macho sakafuni. "Mzee, jua limekuchanganya."

"Nililichimba mimi, baba. Mjukuu wake alilia mpaka kamasi zikaingia kinywani."

Watu wakacheka. Tufail hakucheka. Hapo umeme ukakatika, mapangaboi yakasimama, na kwenye ule ukimya pa... pa... ikaanza chini ya sakafu, ikapanda kwenye miguu ya meza, na maji yakachuruzika kutoka kwenye kitambaa kikavu, na katikati ya duka la keki alama ikaanza kurudi, kwanza kama kivuli, kisha nyeusi, kisha na jina, na Tufail akachomoa leso akasugua, akasugua, mpaka mikono ikaacha kumtii, ikakikamata kitambaa chote, ikakiinua juu ya kichwa, kiuno kikajinyonga, akakibamiza mezani, pa! na kifuani mwake ikatoka shhoo, tena na tena, kwa ustadi ambao mtu hajifunzi kwa siku moja.

Hakuna aliyecheka tena.

"Tufail," Bi Nighat alisema taratibu, "waganga wa mitishamba wanafua hivyo?"

"Huo ni mkono wa Hajran," Mzee Ditta alinong'ona. "Ewe mtoto. Ulimfuta wewe?"

Jini akaiachia mikono. Leso ikaanguka. Kiganjani mwake jina la bibi yake lilikuwa limejichapa lote, na alipofumba vidole kulificha, maji meusi yakadondoka katikati ya vidole hivyo, tone kwa tone, ukumbi mzima ukitazama.