Nyembamba au ya Manjano?

Jirani zangu, hebu tusemezane. Haya niliyaona kwa macho yangu, maana mimi na nyumba ninayoisimulia ni ukuta kwa ukuta, na aibu yake inanihusu hata mimi.

Fundi wa kuchomelea vyuma na mkewe mshonaji walikuwa watu wa kazi, na mama yake fundi ndiye aliyewapikia. Nyumba ilikuwa na amani. Kila alasiri bibi huyo alichukua kikapu chake akaenda kwa Bwana Viungo, mwenye duka la vyakula vya Asia pale kona: magunia ya mchele, dengu za kila rangi, mitungi ya achari, na harufu inayokupokea kabla hujafika mlangoni.

"Bizari," bibi husema.

"Nyembamba au ya manjano, mama?" Bwana Viungo humuuliza, ingawa kwa miaka ishirini jibu ni lile lile.

"Nyembamba! Nani kakwambia nataka kupaka nyumba rangi?" Hapo wote wawili hucheka.

Basi siku moja mshonaji alifungua kabati akitafuta chumvi, akaangukiwa na pakiti za bizari. Zilikuwa kumi na tisa.

"Mama, unataka kufungua duka?" aliuliza. Fundi akacheka. Mimi niliyekuja kuazima pasi nikacheka kuliko wote. Bibi naye alicheka, lakini alikuwa akitutazama mmoja mmoja kama anayetaka kuambiwa kuna nini. Niliona, nikanyamaza. Nisameheni.

Bwana Viungo hakucheka. Alimfuata fundi karakana.

"Ndugu yangu, juzi nilimuuliza mama swali letu, akaniambia, 'Nini?' Jana pia. Mpeleke kwa daktari."

"Aa, mama anapenda porojo zako tu," fundi alijibu, hata kofia ya kuchomelea hakuivua. "Uzee huo."

Msimhukumu haraka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Jioni fundi na mkewe walikula, macho kwenye simu, wakasema chakula kitamu, wakaenda kulala.

Alhamisi moja Bwana Viungo alifunga duka kwenda kupokea mzigo. Bibi akakuta mlango umefungwa, wala hakurudi nyumbani. Fundi alipofika nyumbani alikuta jiko baridi na kikapu hakipo, akaniita. Tulikimbia naye hadi kona. Bwana Viungo alikuwa ndiyo kwanza anashusha magunia, akayaacha pale pale chini.

"Atakuwa anatafuta bizari," alisema. "Tuanzie madukani."

Tulimkuta duka la tatu, lile kubwa la kujichukulia mwenyewe, ng'ambo ya barabara ya malori. Alisimama mbele ya rafu ya viungo, kiatu mguu mmoja, goti linatoka damu. Mlinzi wa duka alisema nusura lori limgonge. Pakiti za bizari zilikuwa mbele ya pua yake.

"Mama, si hii hapa? Mbona hukuchukua?" fundi aliuliza.

"Namsubiri mwenye duka aniulize."

"Akuulize nini?"

Bibi alimgeukia. "Chochote, mwanangu. Nyumbani hakuna anayeniuliza kitu."

Fundi alipiga magoti sakafuni, akavua kiatu chake cha kazi, akamvisha mama yake. Kilimpwaya. Fundi alilia mbele ya watu, na mimi sikujua nitazame wapi.

Daktari alisema ugonjwa huo wa kusahau hautibiki, ila wangewahi, mama angesaidiwa zaidi. Siku hizi fundi hufunga karakana alasiri na kwenda dukani pamoja na mama yake. Bwana Viungo huuliza swali lake. Kuna siku bibi hujibu na kuna siku hajibu, na wao husubiri.

FUNZO

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Nami naongeza: kutouliza ni ukatili, hata kama sahani zimejaa na nyumba ina amani. Mzee wako akianza kurudia jambo, usimcheke kama nilivyocheka mimi. Mpeleke akaonwe mapema. Na leo, kabla hamjaondoka mezani, muulize jambo moja, uweke simu chini, umsubiri ajibu.