Nilimchafulia Jina Mlezi wa Mwanangu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na minane na naishi peke yangu katika chumba kimoja hapa Kisumu. Jioni nikisonga ugali, ni wa mtu mmoja. Lakini msinihurumie kabla hamjasikia nilichokitenda...

Miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea ukingoni, nilikuwa mpiga chapa katika duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja mjini. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo Muhoroni, akija nyumbani mwisho wa mwezi tu. Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha, ilibidi nimtafutie mlezi binti yetu, Akinyi. Mama yangu alikuwa ameshafariki, na mama mkwe alikuwa Maseno na shamba lake. Ningemwachia nani mtoto?

Nilitembelea nyumba nne. Katika ya nne, mtaa wa Manyatta, nilimkuta mjane mmoja, Mama Perez. Cheti chake cha usajili wa kulea watoto kilikuwa ukutani. Kabla sijamuuliza swali, aliniuliza yeye. Mtoto ananyonya saa ngapi? Akilia hubembelezwa vipi? Nani ana ruhusa ya kumchukua nisipoweza kuja? Alikuwa akilea watoto wanne wa watu, na Akinyi akawa wa tano.

"Wa sita simpokei," aliniambia, "hata awe mtoto wa chifu."

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa raha. Kisha Akinyi akaanza kulia... si nilipomwacha, bali nilipokwenda kumchukua! Jumapili alisimama mlangoni akiita, "Mama! Mama!" huku akitazama njia ya Manyatta. Nami nilikuwa papo hapo nyuma yake, nimemshika gauni!

Jumamosi moja alitembea. Hatua tatu, kutoka kitandani hadi kwenye meza. Nililia kwa furaha, nikamwandikia baba yake barua siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata nilikutana sokoni Kibuye na jirani wa Mama Perez.

"Mtoto wako ana miguu myepesi!" akasema. "Tangu Jumanne ile nyingine anatukimbilia uani."

Nilikwenda kumuuliza Mama Perez. Akainamisha macho.

"Mama Akinyi, hatua ya kwanza ni ya mama. Nilinyamaza ili uione mwenyewe."

Mwenye akili angemkumbatia mwanamke kama huyo. Mimi nilihisi nimeibiwa!

Siku chache baadaye, katika kikundi cha akina mama kanisani, mmoja aliniuliza kwa nini mtoto wangu analia hivyo. Nikajibu, "Labda anafinywa kule anakolelewa."

Neno moja tu... Wakanigeukia wote. Mmoja akanishika mkono, mwingine akasogea karibu nami. Ilikuwa miezi tangu mtu yeyote anisikilize hivyo! Basi nikaendelea. Nikawaonyesha alama kwenye paja la Akinyi, nami nilijua kabisa ni ya mbu.

Nilimwondoa Akinyi, na haikupita wiki mbili, wale wengine wanne nao walikuwa wameondolewa. Afisa wa ustawi wa watoto alikuja akakagua nyumba, akazungumza na wazazi, asione kosa lolote. Cheti kikabaki ukutani, lakini watoto hawakurudi. Siku niliyokwenda kuchukua vitu vya Akinyi, Mama Perez aliniuliza jambo moja tu.

"Wewe mwenyewe, ulimwona mtoto wako amefinywa?"

Nilichukua mkoba nikaondoka.

Mlezi wa pili nilimpata Nyalenda. Hakuwa na cheti, wala sikumuuliza. Watoto walijaa chumbani, hata idadi sikuijua. Unajua kwa nini nilimchagua? Kwa sababu Akinyi hakumpenda!

Mwezi haukwisha. Nikiwa kazini, nikaitwa hospitalini. Mlezi alikuwa amewafungia watoto ndani akaenda kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Akinyi alikuwa amekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda... Ee Mungu wangu! Siku tisa nilisikiliza kifua chake kikikoroma.

Mume wangu alifika na nguo zake za kazi. Tulipokuwa tumeketi kwenye benchi la wodi, nilimweleza yote.

"Ulijua ni uongo?" akauliza.

"Nilijua."

Akinyi alipona, ingawa kifua kilibaki dhaifu. Baba yake alimpeleka kwa bibi yake Maseno, na yeye mwenyewe hakurudi kwangu tena. Nilisimama kanisani nikawaambia wale akina mama ukweli. Jumapili iliyofuata, benchi nililokalia lilikuwa langu peke yangu.

Nilipopata ujasiri wa kumtafuta Mama Perez, alikuwa amehamia kwao Asembo. Nilimkuta ufukweni akianika omena juu ya nyavu kuukuu. Nikapiga magoti mchangani. Aliniinua, akanipeleka kwake, akanipa chai. Akaningoja niimalize.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Lakini hapa kwangu usirudi, mama. Nikikuona wewe, nawaona wale watoto wangu wakitolewa mmoja mmoja."

Alinisindikiza hadi barabarani, kama mgeni yeyote. Hakuniaga kwa mkono.

Ndugu msomaji, chagua mlezi kwa makini. Ingia ndani ya nyumba yake, omba cheti, hesabu watoto, uliza maswali mpaka uone haya. Na ukishampata mwema, mwanao akampenda, usione wivu! Mtoto anayependwa na wawili hajapungukiwa na chochote. Ukiwa mpweke, sema wewe ni mpweke. Mimi nilishindwa kulisema neno hilo, nikasema lingine.

Na kama kuna mtu umemsingizia, usingoje hadi ahame. Nenda leo kwa wale wale uliowaambia, uwaambie ulidanganya. Watakukimbia, ndiyo... lakini yeye atabaki na kazi yake.