Kioo cha Pembeni

Fundi vioo alikuwa na mikono myepesi, na ulimi mwepesi zaidi. Mkewe alikuwa mshonaji. Alipopata chumba cha kazi ghorofa ya nne, pembeni kabisa mwa jengo, fundi aliuziba upande wote wa barabarani kwa vioo. Kwa ndani aliviegemeza kwenye vyuma imara. Kwa nje aliweka mpira mwembamba tu.

"Baba watoto, na huku nje?" mkewe aliuliza.

"Mama, upepo unasukuma. Utakuja ndani, utakutana na chuma. Nje unafuata nini?"

Mdogo wake fundi, waliyezoea kumwita Mrefu, aliangua kicheko. "Mwache, shemeji! Huyu bwana hata upepo anaupangia njia."

Wakacheka wote watatu.

Mvua zilipoanza, zilikuja na upepo mkali. Mrefu alikuwa chini barabarani, akimshushia shemeji yake majora ya vitambaa kutoka kwenye gari. Kioo cha pembeni hakikuangukia ndani. Kilichomoka kizima, kikaenda nje, kikamwangukia. Hospitali walimpokea akiwa amekwishakata roho.

Baada ya mazishi, mhandisi wa majengo alikuja kukagua. Alikuwa mama wa makamo, mpole.

"Upepo ulikuwa unakuja," fundi alimwambia. "Kioo kimeendaje nje?"

"Tazama pazia, kaka yangu."

Pazia lilikuwa limetoka nje kupitia lile pengo, linapepea juu ya barabara.

"Upepo ukigonga ukuta, husukuma," mhandisi alisema. "Ukipita kwenye kona, huvuta. Juu ghorofani nguvu huzidi, na pembeni ndipo unapovuta zaidi. Kioo kishikwe ndani na nje. Unene wake upigiwe hesabu kabla hujakata. Tena kiwe cha matabaka mawili yaliyogandishwa pamoja, kikipasuka vipande visidondoke."

"Laiti ningaliuliza," fundi alisema.

"Mimi niliuliza," mkewe akajibu taratibu. "Kisha nikacheka."

Fundi alivitoa vioo vyote. Alifunga vingine vipya kwa hesabu ya mhandisi, akakaza vyuma pande zote mbili. Hakutania mtu.

Mvua zilizofuata zilileta upepo uleule. Fundi alishuka barabarani, akawazuia watu wasipite chini ya jengo, macho yake juu. Hakuna kioo kilichotikisika. Upepo ulitulia, watu wakapita na shughuli zao. Yeye alibaki pale, maji yakimchuruzika, mpaka mkewe akashuka kumshika mkono.