Pesa ya Mama Pima Imekwenda Wapi?

Mama Pima alikuwa na jicho la fundi. Akikutazama mara moja tu, anajua kiuno chako na urefu wa mkono wako. Ndiyo maana wakampa jina hilo. Alishona nguo kibarazani kwake pamoja na wifi yake, dada wa mumewe. Vyerehani viwili, meza moja, na maneno hayaishi.

"Kitendawili!" alisema Wifi, mguu ukikanyaga cherehani.

"Tega!"

"Mapacha wawili wakikutana, wanachokikuta katikati hakiponi."

"Mkasi! Hicho cha watoto, wifi. Nipe cha wakubwa."

Zamani wote wawili walishona katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilifungwa katikati ya mwaka. Serikali ikatangaza kwamba kila aliyepoteza kazi atapewa pesa ya msaada. Tena kulikuwa na marejesho ya kodi. Mishahara yao ilikatwa kodi kama ya watu watakaofanya kazi mwaka mzima, nao hawakuumaliza mwaka. Kilichozidi kilitakiwa kirudi kwao.

Kiwandani walilipwa mkononi, kwa hiyo Mama Pima hakuwa na akaunti ya benki. Wifi alikuwa nayo. Siku ya kujaza fomu alisema, "Andika namba yangu. Kwani mimi na wewe tuna mawili?"

Wakacheka. Fomu zikaenda mbili, namba ya akaunti moja.

Pesa ya msaada ya Wifi iliingia. Marejesho yake ya kodi yakaingia pia. Mama Pima hakupata hata senti. Mvua zikaja, zikaisha. Akaenda ofisi ya msaada. Huko alipigwa danadana mpaka viatu vikalegea. Dirisha hili linamtuma dirisha lile, na lile linamrudisha hili. Mlangoni kijana mmoja akamnong'oneza:

"Mama, nipe ya soda na namba yako ya siri ya benki, nikusukumie faili."

"Kasukume mkokoteni!" Mama Pima akamjibu.

Mwishowe karani wa dirishani alitazama kompyuta. Hata macho hakumwinulia.

"Umelipwa."

"Nimelipwa? Wapi?"

"Kwenye akaunti uliyoandika mwenyewe. Anayefuata!"

Mama Pima alitoka nje. Akaunti aliyoandika ni ya nani? Ni ya Wifi. Njia nzima kichwa kiliwaka moto. Alipofika kibarazani hakusalimia.

"Wifi, pesa yangu umeipeleka wapi?"

Wifi alidhani ni utani. "Nimeinywea chai."

"Sitaki mzaha! Serikali imesema imeingia kwako!"

Cherehani kikanyamaza. "Miaka yote hii, ndivyo unavyonijua?"

"Nilikuwa sikujui. Nimekujua leo."

Wifi alisimama. Alikunja kitambaa chake, akabeba cherehani chake, akaondoka. Mume wa Mama Pima aliporudi kazini akakuta meza iko nusu.

"Mke wangu, dada yangu si mwizi."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?"

Mume akainamia sahani yake. Mke huku, dada kule, angesema nini?

Asubuhi Mama Pima akamwendea jirani yao, keshia wa benki. Mtaa mzima ulimwita Dada wa Benki.

"Nataka unichungulie akaunti ya wifi yangu."

"Hapana, mama. Akaunti ya mtu haichunguliwi, hata angekuwa mama yangu mzazi. Lakini niambie, kwenye fomu uliandika jina la nani?"

"Langu."

"Na akaunti ya nani?"

"Yake."

Dada wa Benki akashika kichwa. "Basi tatizo ni hilo! Benki ilitazama jina na namba, ikaona haviendi pamoja. Jina lako, akaunti ya mwingine. Pesa kama hiyo inaweza kukataliwa, ikarudi ilikotoka."

"Irudi? Karani kaniambia nimelipwa!"

"Aliona imetoka. Hakuangalia kama imerudi."

Mama Pima alisimama, akakaa, akasimama tena. "Hakuangalia! Nimemwita wifi yangu mwizi kwa sababu mtu kaona uvivu kuangalia!"

"Hasira iwe na miguu, mama, ikufikishe mahali. Fungua akaunti kwa jina lako, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kisha andika barua kuomba malipo yako yafuatiliwe. Fanya nakala mbili. Yako wakugongee muhuri wenye tarehe, usikubali jibu la mdomo tu. Ofisi ya kodi nenda pia, uwape akaunti mpya. Usidhani ofisi hizi zinaambiana. Na namba yako ya siri usimpe mtu. Hata mimi."

"Nani ataniamini kwamba haikuingia?"

"Mwenye akaunti anaweza kutoa taarifa ya benki. Inaonyesha kila kilichoingia na kilichotoka. Lakini ni mali yake. Itabidi umwombe."

Kumwomba Wifi!

Alifungua akaunti kwanza. Kisha akaenda kugonga mlango wa Wifi. Wifi alifungua nusu.

"Wifi, nimekukosea. Pesa haikufika kwako. Naomba taarifa ya benki, tukawaonyeshe."

Wifi aliingia ndani, akatoka na karatasi. "Nimeichukua jana. Nilitaka kukutupia usoni."

"Nitupie."

Wifi akamtazama. Hakutupa. Akavaa viatu.

Dirishani karani aliwaona. "Mama, si nilikuambia umelipwa?"

Mama Pima akaweka taarifa ya benki na barua mbele yake. "Nionyeshe mstari wenye pesa yangu."

Karani akasoma. Akageukia kompyuta, akafungua ukurasa wa pili. "Ilirudishwa," akasema kwa sauti ndogo.

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua!" Foleni nzima ikageuka. "Imelala humu ndani muda wote huo, na nyumba yangu inavunjika! Ungefungua ukurasa mmoja tu! Haya, gonga muhuri."

"Na tarehe," akasema Wifi. "Isomeke."

Muhuri ukagongwa. Kutoka hapo wakaenda ofisi ya kodi. Huko nako marejesho yalikuwa yamezuiwa kwa sababu ile ile, na hakuna aliyemwambia. Akapeleka akaunti mpya, akadai nakala yenye muhuri.

Pesa ya msaada ikaingia, kwa jina lake mwenyewe. Baadaye kidogo na marejesho ya kodi yakafika. Siku hiyo mumewe alionekana barabarani amebeba cherehani cha dada yake, jasho linamtoka, uso umejaa kicheko.

"Umenisamehe?" Mama Pima akauliza.

"Nusu," akasema Wifi, akivuta kiti. "Nusu nyingine mpaka na wenzetu wapate zao."

Maana walikuwepo wengine. Wanawake wa kiwandani walioandika akaunti za waume, za kaka, za binti zao, nao wakaambiwa wamelipwa. Mama Pima na Wifi wakawapitia nyumba kwa nyumba. Kila mmoja akafungua akaunti yake, akaandika barua yake.

Wakaingia ofisini pamoja, wakajaza ukumbi mpaka mlangoni. Safari hii karani aliinua macho.

"Akina mama, mna shida gani?"

"Hatuna shida," akajibu Mama Pima. "Tumelipwa. Tumekuja kuchukua."