Moshi wa Mahari

—Clémentine, fungua mulango. Bukari inanuka, batu banakohoa. Unisaidie.

Niliijua sauti hiyo kabla sijafungua. Ilikuwa ya Germain, aliyekuwa mchumba wangu miaka mitatu. Mchana huo alikuwa amepeleka mahari ya Gertrude, na bukari, ugali wetu, ilikuwa ikipikwa huko, mitaa miwili tu kutoka kwangu hapa Kikula. Alisimama uani amevaa suti, mikono imejaa masizi. Nikafurahi. Sitaficha, nilifurahi sana.

Mwaka ule wa 1984 miti ya njia ya Kambove ilikuwa inakwisha kwa kuchomwa makala, yaani makaa ya kupikia, na roho iliniuma kila nilipopita. Nikaanza kukusanya vumbi la makala linalobaki chini ya magunia sokoni, ninalichanganya na udongo, ninafinyanga madonge na kuyaanika. Donge likikauka linapika kama makala, na hakuna mti uliokatwa. Germain alikuja kila jioni baada ya kazi, tukafinyanga pamoja, tukasema hii ndiyo kazi ya maisha yetu. Udongo aliukuta nimeshauleta. Hata siku moja hakuuliza ninautoa wapi.

Kumbe alikuwa anaandika dossier, karatasi za kuombea kazi ya kuuza madonge, kwa jina lake peke yake. Akaipeleka kwa Papa Evariste, msimamizi wa majiko ya shule, na Papa Evariste ana binti, ndiye huyo Gertrude. Mimi nikaletewa kikaratasi: "Clémentine, tuachane. Hii kazi ni ya minye, si ya weye. Usiniharibie."

Nililia wiki nzima. Halafu siku moja nikapita Panda, anakoishi, nikamkuta anachimba udongo kwenye mfereji ulio chini ya kiwanda cha shaba, kwa sababu ni laini na uko karibu. Mimi natumia wa kichuguu tu. Ule wa mfereji umekunywa dawa za kiwanda, na ukipata moto unanuka mayai yaliyooza. Ila mtu wa Panda amekulia katika harufu hiyo, pua yake haiisikii tena. Nikamsalimia vizuri, nikaendelea na njia yangu.

—Unipe hata gunia moja ya madonge yako, alisema sasa. Papa Evariste anasema leo ndiyo anaangalia kama inafaa.

—Nitaileta minyewe. Na weye utasema mbele ya batu bote kama hii kazi ni ya nani.

—Clémentine, leo ni mahari yangu.

—Basi mukule na ile moshi.

Akainama, akabeba gunia, nikaongozana naye.

Kwa Papa Evariste wanawake walikuwa wamekimbia jiko, wameziba pua kwa vitenge. Nikamwaga moto wa Germain, nikawasha wangu. Bukari ikasongwa upya bila mtu kukohoa. Nikamtazama Germain, nikangoja.

—Hii kazi alianza Clémentine, alisema akiangalia viatu vyake. Minye niliikamata tu.

Gertrude akasimama.

—Uliniambia ni mufanyakazi wako.

Gertrude akanigeukia.

—Na ile pete ku kidole yako, dada, nani alikupa?

Niliivaa makusudi siku hiyo.

—Ni yeye. Iko na miaka tatu.

Gertrude hakulia. Aliingia ndani akafunga mlango, tukasikia komeo. Papa Evariste akaweka sahani chini, akawatazama wajomba wa Germain.

—Mukamate mbuzi yenu ya mahari, muende nayo. Weye Clémentine, lundi uniletee dossier yako.

Germain alinifuata mpaka barabarani, kamba ya mbuzi mkononi.

—Siku ile mu Panda uliniona nachimba. Ulijua kama itanuka?

—Nilijua.

—Juu ya nini haukuniambia?

—Si uliandika kazi ni ya weye?

Nikavua pete, nikaitia mfukoni mwa suti yake, nikarudi nyumbani kuanika madonge ya Jumatatu.