Alisema Ni Damu ya Kwetu

Nina miaka thelathini na mmoja, ninakaa Muhumba, hapa Bukavu, na mume sina. Niliyekuwa naye simlilii... Mbwa wa jirani akipotea namhurumia zaidi.

Nilizaliwa na ugonjwa wa ukoo. Tezi zilizo juu ya figo zangu hazitoi homoni ya kutosha, hivyo tangu utoto nameza kotizoni kila siku. Mume huyo, Murhula, alilijua hilo kabla ya ndoa. Ni mwalimu wa chuo, mtu wa suti ya abacost iliyonyooshwa na Kifaransa kirefu. Nilidhani aliyesoma ana akili. Wazo hilo nililitoa wapi?

Mimba ilipofika miezi mitano, akaanza. Ati dawa zitaharibu mtoto. Ati wenzake wanamcheka kwamba ameoa hospitali. Daktari alinionya nisiache dawa kamwe, na siku ya kuzaa waniongezee. Bwana mkubwa akazichukua, akazifungia ofisini kwake.

Nilitapika, nikaishiwa nguvu, nikaanguka sokoni Kadutu. Akina mama wauza samaki ndio walionibeba hadi hospitali. Murhula alifika jioni, akauliza nani amepika.

Hospitalini wakanipa dawa upya, nikajifungua mvulana. Wiki ya pili naye akaanza kutapika, akakauka midomo. Ugonjwa uleule... Daktari akampa chumvi na kotizoni, akapata nafuu.

Ndipo Murhula, citoyen wetu mheshimiwa, akawaita watu wa kwao sebuleni. Akasimama, akakohoa kidogo.

"Huyu mwanamuke ameleta damu mubaya mu nyumba yangu. Arudi kwao."

Mama yake, aliyekuja kutoka Idjwi kumwona mjukuu, akamtazama.

"Na wadogo zako wawili wenye nilizika? Walitapika mpaka wakakauka, na wewe ulikuwa unaona. Ile ilikuwa damu ya nani?"

Msomi mzima akabaki anaangalia viatu vyake.

Daktari alikuwa amemweleza Murhula: mtoto hapati ugonjwa huu isipokuwa baba na mama wote wanaubeba. Alijua, akanivika mimi aibu ya wawili! Juma lile akahama, bila kumshika mwanawe hata mara moja.

Dada zangu, kabla ya ndoa ulizeni kwenu na kwao watoto gani walikufa, na walikufaje. Na mtu akikunyima dawa yako, toka upesi.

Nasikia anaoa tena, huko Kavumu. Dada, kama unasoma haya, nenda kwanza ukaongee na mama yake.